Hedi Chini ya Kitanda

Juu ya kioo cha mbele cha lori lile kulikuwa na maneno mawili ya rangi nyeupe: BADO TUPO. Aliyeyaandika alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka kadhaa sasa, na rangi yenyewe ilishabanduka hapa na pale, lakini maneno yalisomeka. Watoto wa mtaa walipolisikia likikohoa asubuhi walisema, "Bado Tupo limeamka," na mama zao wakajua muda wa shule umewadia.

Dereva wake watu walimwita Taratibu. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwahi kukimbiza gari, hata siku aliyombeba mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya mifuko ya saruji, na mpaka leo anaitwa Saruji. Tena kila neno gumu alilitangulizia hilo: taratibu, ndugu zangu. Alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka, na ndiye ambaye mume na mke waliogombana walimwendea kabla ya kwenda kwa mchungaji.

Lori halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, na kaka yake alipofariki ukoo ulikaa, ukakubaliana hivi: Taratibu ataliendesha, na kitakachopatikana kwa kubeba matofali, mchanga na mbao kitagawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza kwa mjane, la pili kwa Taratibu, na la tatu liwekwe kando kwa ajili ya lori lenyewe, likiugua litibiwe. Fungu hilo la tatu alilitunza Taratibu. Mjane hakuwahi kuuliza limefikia wapi. Kuuliza ni kumtilia mtu shaka, alisema, na shemeji yangu simtilii.

Sasa lori lilikuwa limeugua. Lilitoa moshi mzito wa bluu, lilikunywa oili kama mgonjwa wa kiu, na likipewa mzigo wa matofali kwenye mwinuko lilisimama katikati kutafakari. Fundi wa gereji ya mtaani, ambaye wote walimwita Spana, alilichunguza akasema linahitaji ringi mpya za pistoni, pampu ya dizeli, klachi na springi za nyuma. Akiba iliyopo ingetosha, japo kwa kubanana. "Halijafa, mzee," alisema. "Limechoka tu, kama wewe na mimi."

Kama mambo yangeishia hapo, pasingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini wiki hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa wazee wa makanisa yote katika kanisa kubwa la katikati ya mji. Taratibu alivaa suti yake ya kijivu, akapiga viatu rangi, akaenda na lori kwa kuwa hakuwa na usafiri mwingine. Mlinzi wa getini alimnyooshea mkono kuelekea uani, kwenye mlango wa jikoni.

"Viti vishushie huko nyuma, mzee."

Taratibu alimwambia kwamba hakuleta viti, yeye ni mjumbe. Mlinzi aliitazama suti, akalitazama lori, akaitazama tena suti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Basi egesha hukohuko nyuma. Hilo linavuja."

Wakati anageuza, nyuma yake liliingia gari jeusi la juu, lile wanaloliita fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lisilojua tope wala jabali. Aliyeshuka ni mzee wa kanisa mwenzake, tena mdogo kwake kwa umri. Vijana wawili walikimbia kumpokea mkoba. Taratibu aliingia mkutanoni kwa mlango wa jikoni, akipita katikati ya masufuria. Siku ile hakusikia hubiri hata moja. Alisikia neno moja tu: linavuja.

Tangu hapo akawa na njia mpya ya kurudi nyumbani, iliyopita mbele ya uwanja wa kuuzia magari. Mara ya kwanza alipita. Mara ya pili alipunguza mwendo. Mara ya tatu dalali, kijana mwenye manukato yaliyomtangulia kama mpiga mbiu, alimfungulia mlango wa gari la kijani kibichi na kumwambia kukaa hakulipishwi. Akakaa. Mlango ulipofungwa, kelele zote za barabarani zilibaki nje, kama mtu aliyefunika kitabu. Kulikuwa na ubaridi. Kiti kilimshika mgongo pale hasa palipokuwa pakimuuma. Dalali aliwasha, akalipandisha juu ya lundo la kokoto lililokuwa mwisho wa uwanja, likapanda bila kulalamika, likashuka upande wa pili kwa adabu.

"Halikutumika sana," dalali alisema. "Mwenyewe alikuwa analitumia kwenda kanisani tu."

Taratibu alijua ule ni uongo wa biashara, akacheka. Hakujua kwamba uongo wake mwenyewe ulikuwa njiani.

Maana hesabu aliifanya bila kalamu. Akiba ya lori, ukiongeza kile kidogo alichokuwa nacho mwenyewe, ukiongeza na lori likiuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vilitosha. Alijiambia kwamba gari lile lingekodishwa na maharusi na wageni wa heshima. Shemeji angepata chake kila wiki kama kawaida, labda hata zaidi. Tena angekuwa anapelekwa kliniki amekaa kiti cha mbele kama malkia, badala ya kupanda ngazi ya lori akijishika kiuno. Alipiga magoti akaliombea. Alimweleza Mungu rangi yake, nguvu yake, na faida yake kwa huduma. Alimweleza yote isipokuwa jina la shemeji yake, na kila alipolikaribia jina hilo alisema amina.

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Mtu anayerudi nyumbani amechelewa akinuka manukato ya mwanamume mwenzake huwa ametoka kwa dalali. Alimuuliza swali moja tu, kama shemeji yake, yaani huyo mjane, anajua.

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Ukishampigia honi mlangoni?"

"Taratibu, mama."

"Taratibu ni wewe. Mimi nauliza tu."

Ugumu ulikuwa hapo. Lori linaloponyeka, ukoo utasema liponywe. Ilibidi lori liwe limekufa, na aliyetakiwa kutangaza kifo ni fundi.

Spana aliwahi kuwa mlevi wa kulala mitaroni. Taratibu ndiye aliyemwokota, akamkalisha nyumbani kwake, akafunga na kuomba naye mpaka pombe ikamtoka. Kwa hiyo alipoingia gereji asubuhi moja na kumwomba wazungumze pembeni, Spana alifuta mikono haraka na kumkunjulia kiti. Alipoyasikia yaliyomleta aliendelea kuifuta ile mikono, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Niseme limekufa?"

"Sema hedi imepasuka," Taratibu alisema. Hedi ni kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya injini na kuziba moto wote ndani. "Sema hedi za malori haya hazitengenezwi tena, hazipatikani popote."

"Mle ndani hakuna kitu kizima kama hiyo hedi, mzee."

"Ringi zinauzwa kila duka, na pampu pia. Lazima kiwe kitu kisichopatikana."

Spana alitazama chini, kwenye mchanga mweusi wa oili. "Wewe ndiye ulinifundisha kusema kweli," alisema, bila kulaumu, kama mtu anayekumbusha mahali alipoweka kitu. Kisha alisema, "Sawa. Kwa sababu ni wewe."

Jumapili, baada ya ibada, walikwenda wote wawili nyumbani kwa mjane. Sebule yake ilikuwa ndogo na safi. Cherehani ilikaa dirishani na sare za shule zilizokatwa zikiwa zimekunjwa juu yake, na ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiegemea bampa ya lori, mikono kifuani, kama mtu aliyepigwa picha na mdogo wake anayemwonea fahari. Watoto walikuja mmoja mmoja, "Shikamoo, baba mdogo," wakatoka nje kucheza. Mjane aliwapa chai, kisha akamwomba shemeji yake afungue kwa sala, kama siku zote. Taratibu akasali. Aliomba hekima. Amina ya Spana ilichelewa.

Spana alisema alichotumwa. Alikisema akikitazama kikombe, kwa sentensi fupi, kama mtoto aliyekaririshwa shairi. Hedi imepasuka. Haishoneki. Haipatikani. Taratibu akaongeza, kwa sauti ya msibani, kwamba kila lenye mwanzo lina mwisho, na kwamba labda ingefaa kutafuta gari jingine, dogo kidogo lakini lenye nguvu.

Alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa maswali. Mjane hakulia. Aliitazama ile picha ukutani.

"Kwa hiyo ni hedi tu, fundi?" aliuliza. "Hayo mengine yanatengenezeka?"

"Hayo mengine ni ya kawaida, dada. Hedi ndiyo imetumaliza."

"Hedi tu," alisema. Akainuka, akaenda chumbani. Walisikia kitanda kikiburutwa sakafuni. Halafu akaita, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Taratibu hakukielewa. "Shemeji, njoo unisaidie. Ni kizito."

Chini ya kitanda alichofia kaka yake, nyuma ya sanduku la nguo, kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya ovaroli ya zamani. Taratibu alipiga magoti akakivuta. Kilikuwa kizito kama dhambi, na alipokishika upande wa pili vidole vyake vilitambua umbo lake kabla ya macho. Walikibeba wawili, yeye upande huu na mjane upande ule, mpaka sebuleni, mpaka miguuni pa fundi. Mjane akafungua vifungo vya ovaroli kimoja kimoja. Ndani yake, imepakwa grisi nene ya kuzuia kutu, ilikuwa hedi mpya ya lori lile.

"Aliinunua kabla hatujapata mtoto wa mwisho," mjane alisema, na sasa alikuwa analia kweli, huku anacheka. "Mimi nilitaka kabati. Tuligombana mpaka majirani wakaja. Nikamwambia, watu wanaweka nguo, wewe unaweka chuma. Akaniambia, mama, haya malori wameacha kuyatengeneza. Iko siku mtu atakuja kukwambia hedi hazipatikani. Siku hiyo mtolee hii."

Spana alichukua bisibisi mfukoni, labda ili mikono yake ipate kazi, akaigonga ile hedi kwa kishikio. Ililia. Sauti ndefu, safi, iliyojaa chumba kizima, mpaka mtoto mmoja akachungulia mlangoni.

"Nzima," alisema. "Chuma chenye ufa hakilii hivi. Kinatoa sauti kama chungu kilichopasuka." Kisha akainua macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mzee. Niifunge?"

Hapo palikuwa na mlango. Taratibu aliuona ukiwa wazi kabisa, mpana, na nje yake kuna mwanga. Ilibidi aseme sentensi moja tu ya kweli. Lakini mjane alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili na kusema kwamba Mungu hamwachi mjane wake, na kwamba Mungu akitaka kumtunza mjane humpa shemeji kama huyu.

"Funga," alisema Taratibu.

Basi lori likaingia gereji, na ile akiba ikatoka yote, ikanunua ringi, pampu, klachi na springi. Dalali alipiga simu kusema kuna mtu mwingine analitamani lile la kijani. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia biashara njema. Alidhani gari likishapotea na aibu itapungua. Haikupungua. Mtu aliyezuiwa kuiba hageuki mwaminifu kwa sababu hiyo. Ni mwizi asiye na mzigo tu.

Ringi haziwekwi bila kuifungua hedi, kwa hiyo ile ya zamani sasa ilikuwa juu ya benchi la Spana, imesuguliwa, haina hata mkwaruzo. Ile mpya ilikaa pembeni ndani ya ovaroli yake. Spana alikataa kuifunga. Alilisema hilo kwa upole lakini hakulirudia: hawezi kutoa chuma kizima na kuweka chuma kizima ili kufunika maneno. Angerudisha ileile ya zamani. Kuhusu ile mpya, mzee aamue mwenyewe atamwambia nini shemeji yake.

Mzee hakuamua. Kila siku alijiambia kesho. Na kila siku shemeji yake alipita gereji na chakula chao ndani ya hotipoti, akawaombea, akaligusa lori ubavuni kama mtu anayemgusa mgonjwa aliyepata nafuu, akaenda zake.

Siku ya Alhamisi alikuja na habari. Alikuwa amezungumza na mchungaji. Jumapili angesimama kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowaona, na katika kanisa lao mtu anayeshuhudia huja na kitu mkononi: aliyepona huja na magongo yake, aliyefaulu huja na cheti. Yeye alitaka aje na hedi iliyopasuka. Alitaka iwekwe mbele, penye maua, watu wauone ule ufa kwa macho yao. Wanakwaya walishajulishwa. Alimwomba shemeji yake, kwa kuwa ni nzito, amsaidie kuibeba.

Spana aliingia chini ya lori akakaa huko.

"Sawa," Taratibu alisema. "Tutaibeba."

Ijumaa mchana Spana alikwenda kununua boliti. Taratibu alibaki peke yake gereji. Jua lilikuwa limesimama utosini, mabati yakilia kwa joto, na hedi ilikuwa juu ya benchi. Kwenye kona palikuwa na nyundo kubwa ya kunyooshea chasisi. Hakuna mtu aliyemwambia aichukue. Alijikuta ameishika.

Aliwaza kwa utulivu wa ajabu. Kama ufa hauko, ufa unaweza kuwepo. Pigo moja penye kona nyembamba, na kila kilichosemwa sebuleni kitakuwa kweli. Ile mpya itafungwa, lori litatembea, mjane atashuhudia, na hakuna atakayeumia. Ni chuma tu. Hata alianza kusema, "Bwana, nisaidie," akasikia anachokiomba, akanyamaza katikati. Lakini mikono ilikuwa imeshainuka.

Akapiga.

Hedi haikupasuka. Ililia. Ililia kama kengele ya kanisa, sauti ndefu, safi, ikapita chini ya mabati, ikatoka getini mpaka barabarani, na Taratibu akaangusha nyundo na kuikumbatia kwa mikono yote ili inyamaze. Ilinyamaza taratibu.

Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amesimama getini na hotipoti mkononi.

Aliitazama nyundo, akaitazama hedi, akamtazama yeye na suruali yake iliyojaa grisi. Aliolewa na mwenye lori; alikula na kulala na sauti za vyuma kwa miaka mingi. Alisogea, akaiweka hotipoti chini, akachukua spana ndogo juu ya benchi akaigonga hedi mwenyewe. Ikalia.

"Hii ndiyo ya zamani," alisema.

"Ndiyo."

"Na haijapasuka."

"Haijapasuka."

"Haikuwahi kupasuka."

Taratibu alijaribu kusema taratibu, shemeji, lakini neno hilo lilikataa kutoka. Akasema yote. Alisema la mlinzi na mlango wa jikoni, la gari la kijani, la akiba, la vyuma chakavu, na la Spana, jinsi alivyomlazimisha kwa wema aliomtendea zamani. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, na ilimshangaza jinsi yote yalivyokuwa mafupi. Kitu kilichomkosesha usingizi majuma yote hayo hakikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Mjane alikaa kwenye kiti cha Spana.

"Ulitaka gari," alisema.

"Nilitaka."

"Ungeniambia." Hakupandisha sauti. "Ungekuja tu ukasema, shemeji, nimechoka kudharauliwa, nataka gari. Mimi ningekataa? Wewe umeninyima nini miaka yote hii, mpaka mimi nikunyime? Ningekwambia chukua, tutaona tutakavyoishi."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Angeita ukoo ingekuwa afadhali. Taratibu alihisi uso wake ukiwaka mpaka masikioni, na hakuwa na mahali pa kuuweka.

"Jumapili mchungaji ataniita," mjane alisema akiinuka. "Nitasimama, nitashukuru kwamba lori limepona. Hilo ni kweli. La hedi silisemi. Hilo si langu." Akasogeza hotipoti kwa mguu kuelekea kwake. "Kula. Kitapoa."

Jumapili Bado Tupo liliwaka mara moja, bila moshi, na watoto wa mtaa walitoka kulipigia makofi. Taratibu aliliegesha mbele ya kanisa. Mjane alipoitwa alisimama, akasema Mungu ni mwema, lori limepona, anamshukuru fundi, akakaa. Ushuhuda wake ulikuwa mfupi mno, na waumini walibaki wakitazamana. Mwanakwaya mmoja mnene, mcheshi, akauliza kutoka kwenye benchi lake, "Na kile chuma kilichopasuka kiko wapi, mama? Sisi tulishasogeza maua." Kanisa likacheka. Mjane alitazama mapajani.

Taratibu akasimama. Watu walinyamaza haraka, maana walizoea kwamba akisimama kuna jambo la kuwatuliza.

"Hakuna chuma kilichopasuka," alisema. "Nilimwambia fundi adanganye. Nilitaka kununua gari, kwa akiba ya yatima wa kaka yangu."

Alikuwa ameandaa maneno mengi zaidi, na mistari miwili ya maandiko, lakini yalikwisha hapo. Hakuna aliyesema amina. Kule nyuma, bila kuitwa na mtu, Spana naye akasimama, akabaki amesimama hivyohivyo, kofia mkononi. Taratibu alikwenda mbele, akauweka ufunguo wa sanduku la sadaka juu ya meza. Kwa siri ya moyo wake alitumaini mchungaji atamrudishia, au angalau atasita kidogo. Mchungaji aliuchukua, akauweka mfukoni, akasema tuimbe.

Baada ya ibada watu walimsalimia kama kawaida, ila walimsalimia kwa haraka. Mkewe alipanda lori, akakaa katikati, akamshika goti bila kumtazama. Hakusema nilikwambia. Lilikuwa jambo kubwa kwake kutolisema.

Walimpeleka mjane kwake. Ile hedi mpya ilikuwa nyuma ya lori, ndani ya ovaroli yake. Walikubaliana palepale mlangoni kwamba tangu leo fungu la lori atalitunza mjane, na ufunguo wa lori utalala kwake. Kila asubuhi Taratibu atakuja kuuchukua na jioni kuurudisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipendekeza. Mjane hakulipinga, na kutolipinga kwake kulimchoma kama alivyostahili. Watoto walitoka mbio. "Shikamoo, baba mdogo." Walimwinamia kama zamani. Hawakujua, au walijua na walifundishwa. Alishindwa kuamua lipi ni gumu zaidi.

"Na hiki chuma?" aliuliza.

"Kirudishe ulikokitoa," mjane alisema. "Nani ajuaye, shemeji. Labda mwakani utapenda gari jekundu."

Mkewe Taratibu aliangua kicheko huko ndani ya lori. Hata mjane mdomo wake ulicheza. Taratibu hakucheka, lakini kitu kifuani kilichokuwa kimekazwa boliti kililegea nusu mzunguko.

Alikibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaingia chumbani akipepesuka. Alipiga magoti, akasogeza sanduku la nguo, akasukuma kile chuma mpaka ukutani, pale kaka yake alipokiacha. Ilikuwa giza huko chini, na palinuka grisi na nguo za mtu aliyekwisha kwenda. Alipomaliza alitaka kuinuka. Lakini kwa kuwa tayari alikuwa amepiga magoti, alibaki hapohapo, paji la uso likiegemea ukingo wa kitanda, akaanza kusali, na safari hii akaanza na lile jina la shemeji yake.